Gari Inamisi: Mjue Mkosaji Kwanza, Ndipo Ununue Spea

Toyota Probox, IST, Raum, Spacio ya 1500: gari hizi nyingi zinabeba injini ya 1NZ-FE, na malalamiko yake yanafanana: inamisi, yaani silinda moja au zaidi inakosa kuwaka. Gari inatetemeka ikiwa silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), inakata pumzi mlimani, inakula mafuta, taa ya cheki injini inawaka. Fundi mwenye haraka anasema, "Badilisha plagi na koili zote." Mteja analipa, gari inatoka gereji bado inamisi. Inaniuma kila nikiona hivyo, maana kwenye injini hii unaweza kumjua mkosaji kabla hujanunua hata spea moja.

Hatua ya 1: Uliza gari maswali

Inamisi ikiwa ya baridi tu, au hata ikipata moto? Ikikanyagwa mafuta mlimani, au ikiwa imesimama? Inayokosa ikibebeshwa mzigo, mara nyingi shida ni cheche, yaani plagi au koili inayoipa umeme. Inayokosa kwenye silensa tu, tafuta pia hewa inayoingia kwa njia ya wizi: mpira wa hewa uliopasuka. Angalia pia throttle (mlango wa hewa wa injini) kama ni chafu. Uliza pia kama injini imeoshwa juzi, kwa sababu maji huingia kwenye mashimo ya plagi yakatulia humo.

Taa ya cheki injini ikipepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, acha kukanyaga mafuta kwa nguvu. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguzwa kwenye masega ya ekzosi (kisafishio cha moshi), na masega ni ghali kuliko koili zote nne.

Hatua ya 2: Pima kwa mashine

Skana inatoa namba za hitilafu. P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda inayokosa moto, ya 1 hadi ya 4. P0300 inasema silinda zinakosa ovyo ovyo. Hapo usikimbilie koili, angalia kwanza hewa na mafuta, hasa ikiambatana na P0171 (hewa nyingi, mafuta kidogo). Silinda namba 1 iko upande wa mikanda, ambao kwa usukani wa kulia ni upande wa dereva. Andika namba zote kabla ya kufuta chochote.

Baadhi ya gari za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi ya kawaida ya kupimia lakini haziongei na skana za bei nafuu. Ikiwa ndiyo hali yako, zima gari, chomoa waya wa koili moja, washa kwa sekunde chache usikilize, zima, rudisha, nenda inayofuata. Silinda ambayo ukiichomoa injini haibadiliki ndiyo iliyokuwa imelala.

Hatua ya 3: Hamisha koili

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa, na ndiyo inayorukwa. Tuseme umepata P0301. Subiri injini ipoe. Fungua bolti ya koili kwa spana namba 10, bana klipu ya waya taratibu (plastiki ya zamani hukatika), kisha badilishana koili ya silinda 1 na ya 3. Futa namba, endesha, pima tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina kosa. Fanya vivyo hivyo kwa plagi.

Ukiwa umeng'oa koili, mulika tochi ndani ya shimo. Ukikuta oili, sili za mashimo ya plagi kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) zimechoka. Ukiweka koili mpya bila kubadilisha sili hizo, oili italainisha mpira wake nao utaharibika vilevile. Geuza mpira wa koili: mstari mwembamba kama uzi, mweupe au mweusi, ni njia ambayo cheche ilikuwa inatorokea. Plagi yenye masizi makavu imepata petroli nyingi. Yenye oili mbichi inakupeleka kwenye ringi au sili za valvu.

Hatua ya 4: Ikiwa koili na plagi ni nzima

Hamisha nozeli (kipulizia petroli) kama ulivyohamisha koili, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, hilo si suala la duka la spea tena.

Hatua ya 5: Nunua kwa namba

Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na maneno "nipe koili ya IST", umeshapotea. IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya 1300, NCP61 ina 1NZ-FE ya 1500. Bodi moja, injini mbili. Piga picha kibati cha modeli na chasi, na ubebe spea ya zamani mkononi.

Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu tano, kistari, kisha tarakimu au herufi tano. Za mwanzo zinataja aina: 04465 ni brekipedi za mbele, 17801 ni filta ya hewa. Koili nyingi za 1NZ-FE ni 90919-02240, lakini soma iliyoandikwa kwenye yako.

Plagi nayo inasomeka. Kwenye Denso K16R-U11, 16 ni kiwango cha joto, R ni rezista ya ndani, 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Feki ni nyingi, kwa hiyo mimi hupima na multimita kutoka kichwani hadi ncha ya katikati: yenye R lazima ioneshe maelfu ya omu. Ikisoma sifuri, mrudishie muuzaji hapo hapo.

Koili ya mtumba kutoka injini ya Japani naiamini kuliko mpya isiyo na jina, ila nikubaliane na muuzaji kuirudisha ikigoma.

Hatua ya 6: Funga na uhakikishe

Anza plagi kwa mkono, injini ikiwa baridi, hadi ikae. Kisha kaza kwa 18 Nm. Kichwa cha injini ni alumini, uzi ukiharibika ni kazi nyingine kubwa. Futa namba za hitilafu, panda mlima na abiria ndani, kisha pima tena. Silinda ile ile ikirudi, rudi hatua ya 4.