SOMO: Mlikubaliana kwa mdomo na developa (au mwenye kiwanja), sasa mmegeukana. Anzia hapa

Wakuu, hii biashara tunaijua wote. Mzee ana kiwanja pazuri Kariakoo ila hela ya kujenga hana, anakuja developa anamwambia mi naangusha hii nyumba ya zamani napandisha ghorofa, likiisha wewe unachukua fremu za chini na floo moja, zilizobaki zangu. Wanapeana mikono, tingatinga linaingia. Karatasi hamna. Jengo likifika floo ya tatu ndo maneno yanaanza. Naongelea sheria za Bongo, na kesi yako bado mpelekee wakili.

Hatua ya 1: Jua unadai jengo au unadai hela

Hapa ndo wengi wanapotea. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 64 inasema mkataba wa kuhamisha haki kwenye ardhi hautekelezeki mahakamani kama haupo kwa maandishi, au angalau pawe na kumbukumbu ya maandishi ya masharti yake, na iwe imesainiwa na yule unayemdai. Kwa hiyo "aliniahidi floo ya pili" bila karatasi, floo yenyewe kuipata ni kazi kweli kweli. Lakini haina maana umetoka kapa.

Kuna kesi ya Uingereza ya Cobbe na kampuni ya Yeoman's Row, mawakili wanaipenda sana hii. Cobbe ni developa mzoefu, walikubaliana kwa mdomo atafute kibali cha kujenga upya jengo la London kwa gharama zake, kikitoka auziwe kwa pauni milioni 12, halafu mauzo yakivuka milioni 24 kile kinachozidi wagawane nusu kwa nusu. Akahangaika mpaka kibali kikatoka Machi 2004, mwenye mali akageuka palepale akataka hela nyingi zaidi. Mahakama za chini zilimpa Cobbe nusu ya thamani iliyoongezeka kwa ajili ya kibali, kama pauni milioni 2. Ikafika House of Lords (wakati huo ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza) mwaka 2008 wakaifuta, wakasema huyu mtu wa biashara alijua fika hawajafungana kisheria, alipwe gharama zake na thamani ya kazi aliyofanya basi. Huyo ni developa mzoefu, sasa sie wa kupeana mikono je?

Hatua ya 2: Saka maandishi yenye sahihi ya MWENZIO

Sio yako. Watu wanakuja na karatasi wamesaini wenyewe na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, yule wanayemdai hajagusa hata peni. Mhuri wa mtaa hauzibi hilo pengo. Angalia barua, muhtasari wa kikao, risiti, fomu za kibali cha ujenzi, popote alipoandika nani anapata nini akasaini. Fanya hivi kabla hujamtukana kwenye simu maana mkishagombana hasaini tena kitu.

Hatua ya 3: Hesabia ulichoweka

BOQ (ile orodha ya vifaa na kazi za ujenzi pamoja na gharama zake), risiti za nondo na saruji, malipo ya fundi, picha za hatua kwa hatua. Sheria ya Mikataba kifungu cha 70 inasema ukimfanyia mtu kitu kihalali bila nia ya kumpa bure na yeye akafaidika, anatakiwa akufidie. Mara nyingi hii ndo silaha ya developa asiye na karatasi.

Hatua ya 4: Fanya upekuzi, weka zuio

Nenda kwa Msajili wa Hati uone kiwanja kina jina la nani na kama kimewekwa rehani benki. Ukiwa na maslahi ya kueleweka omba zuio kisiuzwe kimya kimya.

Hatua ya 5: Baraza

Kabla ya Baraza la Ardhi la Wilaya mnapita Baraza la Kata kusuluhishwa, siku 30 zikipita bila muafaka unaendelea. Mali ikizidi thamani ya milioni 300 ni Mahakama Kuu. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya kurudishiwa ardhi 12, usilale.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, meseji za WhatsApp zinakubalika?*
Zinakubalika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu. Ila tunza simu yenyewe, usitegemee skrinishoti tu, utaulizwa ilitunzwaje na nani aliishika. Ila kama meseji inahesabika kuwa ni saini yake, hapo jiandae kubishana.

*Mimi ndo developa, mzee kafariki na watoto wanasema hawanitambui.*
Pole kaka. Usihangaike na mtoto mmoja mmoja, mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, dai lako linaenda kwake. Mtoto ambaye sio msimamizi hata akikusainia leo hana cha kukupa.

*Mkataba tunao ila haukulipiwa ushuru wa stempu.*
Mahakama haiupokei hivyo. Lipa ushuru na faini TRA kwanza ndo uutoe.

*Developa kaniletea mkataba nisaini leo, jengo limefika kwenye paa. Nisaini dada?*
Usisaini leo mama, upeleke kwa wakili kwanza. Mkishaandika, yale ya mdomo ya nyuma ni ngumu kuyaingiza tena, kwa hiyo kama fremu zako nne hazimo humo hesabu zimeenda. Kataa tarehe ya nyuma. Ambatanisha ramani, kila sehemu yako iwekewe namba ya floo, na iandikwe nani analipia hati za sehemu za jengo (kila floo au fremu na hati yake) chini ya Unit Titles Act ya 2008. Na kama ndo nyumba mliyokuwa mnaishi na mumeo, ridhaa yake iwepo pia.