Somo: Funguo zenye muda wa kuisha kwenye Redis yenye seva nakala

Somo hili ni la anayeendesha Redis (hifadhidata ya funguo na thamani inayokaa kwenye kumbukumbu) yenye seva kuu moja na nakala moja au zaidi, na anayehifadhi vitu vya muda: sesheni, kashe, kufuli, namba za uthibitisho. Shika jambo moja kwanza: ufunguo uliokwisha muda hufutwa na seva kuu peke yake. Nakala hazijiamulii. Zinasubiri amri ya kufuta, DEL (au UNLINK, kama umewasha `lazyfree-lazy-expire`) kutoka seva kuu, kupitia mkondo uleule unaoleta mabadiliko mengine. Kila seva ingefuta kwa saa yake, data zingepishana mapema sana.

Tena seva kuu yenyewe haifuti papo hapo. Hufuta pale mtu anapougusa ufunguo na muda wake ukakutwa umepita, au pale fagio la nyuma linapoufikia. Fagio hilo hupita mara 10 kwa sekunde (`hz 10`), huchukua sampuli ya funguo zenye muda, na hurudia ikiwa nyingi kati yake zimekwisha. Kwa hiyo ufunguo usioulizwa na yeyote unaweza kuendelea kula kumbukumbu baada ya TTL (muda uliobaki wa ufunguo) kufika sifuri.

Hatua ya 1: Jua toleo la kila seva

`redis-cli INFO server | grep redis_version`

Kabla ya 3.2, nakala iliweza kukupa thamani iliyokwisha muda. Kuanzia 3.2, nakala hutazama saa yake wakati wa kusoma na kurudisha nil (hakuna kitu), hata kama ufunguo bado umo kwenye kumbukumbu. Badiliko kubwa zaidi lilikuja na 7.0: muda wote sasa husafirishwa kwenda nakala kama wakati kamili wa Unix (hesabu ya muda tangu kuanza kwa 1970). Zamani `EXPIRE x 60` ikichelewa njiani sekunde 5, nakala ilianza kuhesabu 60 pale ilipoipokea.

Ukiwa chini ya 7.0, weka wakati kamili mwenyewe:

```
MULTI
SET sesheni:481 "..."
PEXPIREAT sesheni:481 1767225600000
EXEC
```

Hizo ni milisekunde, na wakati huo ni saa 6 usiku wa kuingia Januari 1, 2026, kwa UTC. Usiache MULTI, inayofanya amri zote hadi EXEC zitekelezwe kwa pamoja: programu ikifa katikati ya SET na PEXPIREAT, ufunguo unabaki milele. Kuanzia 6.2 unaweza kufanya yote kwa amri moja, `SET ... PXAT`. Kumbuka tu kwamba ukikokotoa wakati ndani ya programu yako, saa ya mashine ya programu nayo imeingia kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Linganisha saa

Endesha `redis-cli -h <seva> TIME` kwa kila seva, kisha `chronyc tracking` kwenye mashine zenyewe, uone saa imepishana kiasi gani na saa sahihi. Saa ya nakala ikitangulia kwa sekunde 30, ufunguo wa TTL ya sekunde 20 utasomeka nil pale tangu dakika ya kuandikwa, huku kwenye seva kuu upo mzima. Na nakala hiyo ikipandishwa kuwa kuu, sasa itafuta kweli. Watumiaji wakitolewa kwenye sesheni zao mara tu baada ya kubadilisha seva kuu, anza kuchunguza hapa.

Hatua ya 3: Usipoteze TTL unapoandika

SET ya kawaida hufuta muda uliokuwepo. Tumia `KEEPTTL` (kuanzia 6.0) au uweke muda upya. INCR, HSET na LPUSH haziugusi. Ukipima kwa `TTL`, jibu -1 maana yake ufunguo upo bila muda, na -2 haupo.

Hatua ya 4: Acha `replica-read-only yes` (nakala isomwe tu, isiandikwe) kama ilivyo. Ndiyo hali ya kawaida, na sioni sababu nzuri ya kuibadilisha.

Hatua ya 5: Tawanya muda wa kuisha

Hapa ndipo wengi huumia. Ukijaza funguo milioni moja kwa mkupuo na kuzipa zote sekunde 3600, zitakwisha pamoja, na kila moja huzalisha DEL yake. Bafa ya kila nakala (foleni ya amri zinazosubiri kutumwa kwake) ina mpaka, `client-output-buffer-limit`. Kwa kawaida ni `256mb 64mb 60`: ikivuka MB 256, au ikikaa juu ya MB 64 kwa sekunde 60, seva kuu hukata muunganisho. Nakala ikirudi, kumbukumbu ya mkondo (`repl-backlog-size`, kawaida MB 1 tu) haitoshi, na unalazimika kunakili data zote upya. Ongeza nasibu ya asilimia 10: 3600 pamoja na namba yoyote kati ya 0 na 360.

Hatua ya 6: Fuatilia

Katika `INFO stats` angalia `expired_stale_perc` (makadirio ya asilimia ya funguo zilizokwisha lakini bado zimo) na `expired_time_cap_reached_count` (mara ambazo fagio liliishiwa muda wake). Zikipanda mfululizo, fagio linazidiwa. Ongeza `active-expire-effort` (bidii ya fagio) kutoka 1 kwenda juu (mwisho 10), hatua moja moja, ukitazama CPU.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Mbona DBSIZE ya nakala ni kubwa kuliko ya seva kuu?

Jibu: DBSIZE huhesabu vilivyomo kwenye kumbukumbu, pamoja na funguo zilizokwisha zinazosubiri DEL. Linganisha kwanza `offset` (mahali kila seva ilipofika kwenye mkondo) kwenye `INFO replication`. Nakala ikiwa nyuma, tatizo ni mtandao au mzigo, si TTL.

Swali: Nimewasha `notify-keyspace-events Ex` (taarifa za funguo zinazokwisha muda) lakini taarifa zinachelewa, na kwenye nakala hazifiki kabisa.

Jibu: Taarifa ya `expired` hutoka ufunguo unapofutwa, si TTL inapofika sifuri. Nakala haiitoi kwa sababu si yenyewe iliyoamua kufuta. Sikiliza seva kuu. Kwa kazi za ratiba, weka orodha inayopangwa kwa alama (kwa amri ZADD), wakati ukiwa ndiyo alama, kisha uvute zilizofika.

Swali: Nakala yangu imepita `maxmemory` (mpaka wa kumbukumbu). Ni hitilafu?

Jibu: Hapana ndugu. Kuanzia 5.0, `replica-ignore-maxmemory yes` huifanya nakala isipunguze funguo yenyewe; hilo nalo linasubiri seva kuu. Iachie RAM ya ziada.

Swali: Naweza kuangalia kufuli kwenye nakala ili kupunguza mzigo?

Jibu: Usifanye hivyo. Seva kuu haisubiri nakala zipokee mabadiliko, hivyo nakala inaweza kukuambia kufuli haipo wakati mwenzako ameishika. Kufuli isome na uiandike kwenye seva kuu. `WAIT`, inayosubiri nakala zithibitishe kupokea, hupunguza hatari ya kuipoteza seva kuu ikianguka, lakini haiondoi.