Namna ya kuendesha warsha ya kupima hulka za mbwa waliookolewa

Mbwa aliyeokolewa huja bila historia. Hakuna anayejua kama aliwahi kuishi na watoto, kama alikuwa akipigwa, au kama amezoea kulala ndani. Kinachobaki ni fomu inayojazwa na mtu wa kujitolea aliyemtazama kwa dakika chache, na mara nyingi fomu hiyo ndiyo inayoamua kama mbwa huyo atapata familia au atabaki bandani. Kwa hiyo anayeijaza lazima afundishwe vizuri. Mwongozo huu ni wa wewe unayetaka kuwafundisha wenzako kituoni. Washiriki 8 hadi 10 wanatosha. Wakizidi hapo, wapo watakaomaliza warsha bila hata kushika kamba.

Hatua ya 1: Chagua mbwa wa kufanyia mazoezi

Kila mbwa apitie kwanza kwa daktari wa wanyama. Jino lililooza, sikio lenye usaha au nyonga inayouma humfanya mbwa mpole amkoromee anayemgusa, na ninyi mkamwandika kuwa ana hulka mbaya kumbe anaumwa.

Usitumie mbwa aliyeingia jana. Siku za mwanzo kituoni, kotisoli, ile homoni ya msongo, huwa juu sana mwilini. Mbwa hali chakula vizuri, halali vizuri, anasikia wenzake wakibweka mchana kutwa. Mpe angalau siku 3, na ikiwezekana wiki nzima. Kwa warsha ya wanaoanza, chagua mbwa ambao wahudumu wa kila siku wanawafahamu, na mbwa mwenye rekodi ya kuuma asiwepo kabisa. Kila mmoja afanye kazi kwa dakika 15 au 20, kisha arudi kupumzika. Wote wawe wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na wanaowashika mara kwa mara wachanjwe pia.

Hatua ya 2: Fundisha macho kabla ya mikono

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Waonyeshe washiriki video fupi za mbwa, sauti ikiwa imezimwa. Kila mtu aandike alichokiona. Karatasi za kwanza zitajaa hukumu: "mkali", "mwoga", "ana furaha". Zirudishe. Muulize mwandishi: masikio yalikuwaje? Uzito wa mwili ulielemea mbele au nyuma? Mdomo ulikuwa wazi au umefumba? Arudie kuandika mpaka mtu ambaye hakuiona video aweze kumpata mbwa yule akilini.

Mfano mzuri ni mkia. Watu wengi wanaamini kwamba mkia ukitikisika basi mbwa amefurahi. Tafuta video ya mbwa aliyesimama wima, mwili umekakamaa, mkia uko juu na unatikisika kwa mitikisiko mifupi ya haraka. Iweke kando ya video ya mbwa anayeyumba kuanzia mabegani hadi kiunoni, mkia ukizunguka ovyo usawa wa mgongo. Mikia yote miwili inatikisika, lakini huyo wa kwanza si wa kusogelewa.

Kisha wafundishe ishara ndogo ambazo mkufunzi wa Norwei, Turid Rugaas, amezieleza kwa miaka mingi: kulamba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni, kunusa ardhi ghafla. Ongezeni weupe wa jicho unaojitokeza pembeni, mguu mmoja wa mbele ulioinuliwa, na mkia uliofyatwa. Mbwa anayefanya hivyo anaomba nafasi. Asipopewa, huganda: anaacha kuhema, mdomo unafumba, macho yanakaza. Huko kuganda kunaweza kuchukua sekunde moja tu kabla ya meno, kwa hiyo rudisheni video nyuma mara nyingi hadi kila mmoja akuone.

Na kuhusu kunguruma, liseme wazi mbele ya wote: mbwa asiadhibiwe kwa kunguruma. Anayezoea kuadhibiwa hivyo hujifunza kunyamaza, na siku ya kuuma hatoi onyo.

Hatua ya 3: Andaa mahali

Chumba au uwanja uliozungushiwa ua, tulivu, wenye milango miwili inayofuatana ili mmoja ukifunguka kwa bahati mbaya mbwa asitoroke. Kamba ya mita 2, maji, vipande vidogo vya nyama. Watu watatu tu ndani: anayeshika kamba, anayepima, anayeandika. Wengine watazame kutoka nje.

Hatua ya 4: Pima kwa kupanda polepole

Anzeni bandani. Mpimaji apite mbele ya banda akiwa ametazama pembeni, asimame, asiseme neno. Je, mbwa anasogea, anarudi nyuma, anarukia mlango? Baada ya hapo atolewe na aachwe anuse uwanja kwa dakika kadhaa bila kuitwa.

Kugusa kuje mbwa akisogea mwenyewe. Mpimaji amkune kifuani au begani kwa sekunde 3, kisha aondoe mkono na angoje. Akisukuma mwili au pua kwenye mkono, ameomba tena. Akijikung'uta na kwenda zake, amekataa, na jibu hilo liheshimiwe na liandikwe. Anayekubali ndiye anayeendelea na kuguswa masikio, miguu na mkia, tena kwa wepesi.

Angusheni bakuli la chuma, mbali naye. Kushtuka ni kawaida ya kila kiumbe. Cha kupima ni muda anaochukua kurudi hali yake. Mbwa anayeshtuka, akatazama, kisha akaenda kunusa bakuli lenyewe anaweza kuishi kwenye nyumba yenye kelele. Yule ambaye dakika tano baadaye bado amejibanza ukutani hafai kwa nyumba ya namna hiyo, na mwachieni hapo hapo, msiendelee.

Sasa chakula. Kuna vituo ambako mpimaji huingiza mkono wa plastiki kwenye bakuli wakati mbwa anakula, njia iliyoenezwa na mkufunzi wa mbwa Sue Sternberg wa Marekani. Mimi siutumii, na nawashauri msiutumie. Mbwa wengi wanaolinda bakuli kituoni hawalindi chochote wakifika nyumbani, ambako chakula kinatosha na hakuna mwenzao wa kuwanyang'anya. Mwaka 2016 watafiti Gary Patronek na Janis Bradley walichambua vipimo vya aina hii na kuonyesha kwamba matokeo yake si ya kutegemewa kuliko kurusha sarafu: kwa kuwa mbwa hatari kweli ni wachache, wengi wanaofeli wanafeli bila sababu. Mbwa wamepoteza maisha kwa kufeli kipimo cha mkono ule. Fanyeni hivi: mbwa akiwa anakula, mpimaji apite umbali wa mita 2, arushe kipande cha nyama karibu na bakuli, aondoke. Andikeni kama alikula kwa kasi zaidi, kama shingo ilikakamaa, au kama aliinua kichwa akasubiri kipande kingine.

Hatua ya 5: Kila mshiriki afundishe jambo moja

Kupima peke yake hakumsaidii mbwa. Kila mshiriki amfundishe mbwa mmoja kutazama uso akiitwa jina. Jina linaitwa mara moja. Macho yakikutana tu, tamka "ndiyo" na toa nyama ndani ya sekunde moja. Ukichelewa, unamlipa kwa kile alichokifanya baadaye, pengine kunusa kiatu chako. Kaa nyuma ya mwanafunzi wako na utazame mkono wake: wanaoanza hupeleka mkono mfukoni kabla ya kusema "ndiyo", na mbwa anajifunza kuutazama mfuko.

Minyororo ya kukaba na kola za umeme zibaki nje. Chama cha Marekani cha madaktari wa tabia za wanyama, AVSAB, kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba mbwa wote wafundishwe kwa njia za zawadi. Mbwa aliyetoka kwenye mateso anauhitaji msimamo huo kuliko wote.

Hatua ya 6: Mbwa kwa mbwa

Wasikutanishwe uso kwa uso. Watembezwe njia moja, upande kwa upande, wakiwa mbali, na umbali upungue kadiri miili inavyolegea. Kamba isikazwe.

Hatua ya 7: Mtu akiumwa

Hata mchubuko mdogo: osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona kama mbwa ataugua. Mwandikeni mbwa kwa ngazi 6 za kuuma za Ian Dunbar, daktari wa wanyama na mkufunzi wa mbwa, kwa maana jeraha na tishio si kitu kimoja. Ngazi ya 1 ni mbwa aliyetishia bila meno kugusa ngozi. Ya 2, meno yamegusa bila kutoboa. Ya 6 ni kifo. Fomu iliyoandika "ameuma" na kuishia hapo imemdhulumu mbwa wa ngazi ya 2.

Hatua ya 8: Jaza fomu, kisha ifuatilie

Andikeni hivi: "Aliposogelewa na mwanamume mwenye kofia aligeuza kichwa, akalamba pua, akarudi hatua mbili. Kofia ilipovuliwa alisogea ndani ya dakika moja." Familia itajua la kufanya na maneno hayo. Wekeni tarehe, na mpimeni tena baada ya wiki mbili na mpimaji mwingine asiyeiona fomu ya kwanza.

Mbwa akishachukuliwa, ipigieni simu familia baada ya siku 3, wiki 3 na miezi 3. Ulizeni maswali yale yale ya fomu, kisha mpeni majibu mtu aliyempima mbwa huyo, ayalinganishe na alichoandika.