Namna ya Kusoma Sarafu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Roma ya Kale

Wengi wa wanahistoria tunaowategemea kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Roma waliandika miaka mingi baada ya mapigano, chini ya utawala wa walioshinda. Sarafu ni shahidi wa namna nyingine. Ilifuliwa vita vikiwa bado vinapamba moto, mara nyingi ili kulipa askari, na jemadari aliyeamuru ifuliwe hakujua kama angeshinda au angeuawa. Picha zilizo wazi za sarafu hizi zinapatikana katika tovuti za makumbusho makubwa, nazo zinatosha kwa kazi hii.

Jambo la kwanza ni kuuliza nani aliifua na kwa mamlaka gani. Wakati wa Jamhuri, yaani kabla Roma haijatawaliwa na makaisari, kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya maofisa vijana mjini Roma. Ukikuta jina la kamanda pamoja na herufi IMP, kifupisho cha cheo cha jemadari aliyeshangiliwa na jeshi lake kwa ushindi, tambua kwamba pengine sarafu hiyo ilitoka kambini.

Kisha soma maandishi herufi kwa herufi, ukikumbuka kwamba V husimama pia mahali pa U na kwamba karibu kila neno limefupishwa. Hapa ndipo wanaoanza huteleza. Chukua dinari za fedha ambazo jemadari Marcus Antonius alizifua mwaka 32 hadi 31 K.K. kabla ya vita vya Actium, alipopigana na Octavianus: upande mmoja una merikebu ya makasia, na wa pili una tai wa jeshi katikati ya bendera mbili, pamoja na namba ya legioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma. Juu ya merikebu pameandikwa ANT AVG. Usidhani AVG hiyo ni Augustus, jina ambalo hasimu wake Octavianus alipewa mwaka 27 K.K. tu; maana yake hapa ni augur, kuhani mwenye kazi ya kufasiri ishara za ndege. Herufi III VIR R P C zinamtaja kuwa mmoja wa watu watatu waliokabidhiwa kuirekebisha Jamhuri, cheo alichoendelea kukishika huku akijiandaa kupigana na mwenzake wa zamani.

Baada ya maandishi, tazama picha, na ujiulize askari aliyeipokea alitakiwa aamini nini. Sarafu inayostahili muda wako kuliko zote ni ya Brutus, mmoja wa waliomuua mtawala Julius Caesar, ya mwaka 43 hadi 42 K.K. Upande wa nyuma una majambia mawili, na kati yake kofia waliyovaa watumwa walioachwa huru. Chini yake pameandikwa EID MAR, yaani Idi za Machi, jina la Kirumi la tarehe 15 Machi, siku aliyouawa Caesar. Ujumbe ni kwamba Roma ilikuwa mtumwa na sasa imekombolewa. Lakini geuza upande wa mbele: ni kichwa cha Brutus mwenyewe! Kuweka sura ya Mroma aliye hai kwenye sarafu lilikuwa jambo ambalo Caesar alilianzisha mjini Roma miezi michache tu kabla ya kifo chake. Ninavyoona mimi, hakuna ukurasa wa historia unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi watetezi wa Jamhuri walivyokwisha kuchukua desturi za yule waliyemuua.

Chunguza pia madini na uchakavu. Dinari za Antonius zilikuwa na fedha hafifu kuliko za kawaida, kwa hiyo watu walipendelea kuzitumia kuliko kuziweka akiba. Zilizunguka sokoni kwa vizazi vingi, na leo nyingi zimelika hata merikebu haionekani vizuri.

Kwa upande wa waasi, linganisha kila sarafu na ile ya Roma waliyoiiga au kuipinga. Washirika wa Roma katika Italia walioshika silaha mwaka 91 K.K., baada ya kunyimwa uraia, walifua dinari kwa mfano ule ule wa Kirumi, lakini mojawapo inaonyesha fahali wa Italia akimpiga mbwamwitu wa Roma kwa pembe. Baadhi zina herufi za Kioska, lugha ya kale ya Italia, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Wayahudi walioiasi Roma chini ya kiongozi wao Bar Kokhba, mwaka 132 hadi 135 B.K., walifanya zaidi ya hapo: walichukua sarafu zilizokuwa zikizunguka na kuzipiga chapa yao juu yake. Zile za shaba mara nyingi zilikwanguliwa kwa tupa kwanza. Za fedha kwa kawaida zilipigwa bila kukwanguliwa. Kuza picha ya sarafu ya fedha ya namna hii na uzifuate kingo zake taratibu, kwa maana pembeni mwa maneno ya Kiebrania yanayotangaza uhuru wa Yerusalemu, wakati mwingine bado zinasomeka herufi chache za jina la kaisari Trajan.