Kutafuta na Kutenganisha Seli Zilizounganishwa katika Excel

Seli zilizounganishwa hupendeza machoni, lakini huleta usumbufu mara tu unapotaka kupanga data, kwa kuwa Excel hukataa na kudai kwamba seli zote za aina hiyo ziwe na ukubwa sawa, bila kukuonyesha zilipo.

Kuzisaka kwa macho katika jedwali lenye mamia ya mistari ni kujichosha bure. Bonyeza Ctrl+F, fungua "Options", kisha "Format", na katika kichupo cha "Alignment" weka alama kwenye "Merge cells". Acha nafasi ya neno la kutafutwa ikiwa tupu, kisha bofya "Find All". Chini ya dirisha itatokea orodha ya anwani za seli hizo; ukibofya anwani moja utapelekwa kwenye seli yenyewe, na ukibonyeza Ctrl+A ndani ya orodha, zote zitachaguliwa kwa pamoja. Baadaye ukumbuke kuliondoa sharti hilo la "Merge cells", maana programu hulihifadhi na utafutaji unaofuata unaweza kukosa hata neno unaloliona mbele yako.

Zikiwa bado zimechaguliwa, nenda kwenye "Home", bofya mshale ulio kando ya "Merge & Center", uchague "Unmerge Cells". Wapo wanaochagua lahakazi nzima na kutenganisha kila kitu bila kupitia orodha. Njia hiyo ni ya haraka, ila huvuruga pia vichwa ambavyo pengine ulitaka vibaki.

Kazi yenyewe huanzia hapa. Baada ya kutenganishwa, thamani hubaki katika seli ya juu kushoto peke yake, na nyingine huwa tupu. Data iliyofutika wakati wa kuunganisha hairudi. Ikiwa seli moja ilibeba jina la kundi la mistari kadhaa, chagua eneo hilo la safu wima, bonyeza Ctrl+G, kisha "Special" na "Blanks". Andika alama ya =, bonyeza mshale wa juu, halafu Ctrl+Enter, na kila seli tupu itachukua thamani ya iliyo juu yake. Kagua kwanza, kwani hata seli zilizokuwa tupu tangu mwanzo zitajazwa. Kisha nakili eneo hilo na ulibandike kama thamani, la sivyo fomula hizo zitaharibika utakapopanga data.

Kwa kichwa kinachopaswa kukaa katikati ya safu wima kadhaa, tumia "Center Across Selection", inayopatikana kwa Ctrl+1 katika "Alignment": mwonekano ni uleule, na seli hubaki zimetengana.