Baridi ya Seattle imekukaba? Jaribu skwea dansi

Unaeza kaa Marekani miaka kumi na marafiki zako wote ni wa kazini na wa kanisani. Sasa hii Novemba ikifika, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, unajifungia ndani na simu mpaka ulale. Mimi niko upande wa Seattle na kilichonitoa kwa nyumba ni skwea dansi, usicheke kwanza, huku Washington ndio dansi rasmi ya jimbo tangu 1979.

Mko wanane, jozi nne, mnasimama mraba, halafu kuna kola ameshika maiki anawaitia hatua papo hapo, hakuna anayejua inayofuata ni gani. Kuna pia raundi dansi, hiyo ni ya wawili wawili, mnazunguka ukumbi, wolzi, chacha, rumba, na kama umelelewa na rumba ya Kongo kiuno kitajua njia ila miguu itafundishwa upya.

Kosa langu lilianzia hapa: niliona klabu karibu na kwangu nikaingia tu usiku wao wa kawaida. Kola akaita kitu, saba wakaenda kushoto mimi kulia nikamgonga mzee wa watu, mraba wote ukavunjika. Kujua Kiingereza hakusaidii, zile amri ni lugha yake, kila moja lazima ufundishwe. Kwa hivyo anzia kwa shirikisho la skwea dansi la jimbo, chini yake kuna mabaraza ya maeneo na chini ya mabaraza ndio klabu. Uliza swali moja: darasa la wanaoanza linaanza lini? Mengi huanza Septemba ama Januari na jioni ya kwanza mara nyingi ni bure. Darasani kuna wazoefu wanaitwa malaika, kazi yao kukushika mkono na kukusukuma pale unafaa kuwa.

Huhitaji kwenda na mwenzako, klabu nyingi watakutafutia. Lakini kama mnaenda mke na mume ongeeni kabla, maana mnabadilishana mikono na kila mtu kwa mraba, na kuna mzee mmoja wa kwetu alinuna safari nzima ya kurudi. Pombe hakuna kabla ya kucheza. Viatu viwe vya kuteleza kidogo, raba zinakwamisha goti. Wachezaji wengi ni wazee wastaafu, wanapenda sana kuona sura mpya.

Shosho wangu kule Nyeri alikuwa mchezaji wa mwomboko, ile dansi ya Wakikuyu ya kodiani, hatua mbili halafu unageuka. Nilipomtumia video akasema hii ni yetu, hawa wametoa tu kodiani.

Kumbi nyingi ziko mbali, na mabasi hukatika mapema, kwa hivyo omba lifti siku ya kwanza bila aibu. Mimi hulipa na mandazi, na siku hizi nisipobeba naulizwa mlangoni.