Somo: Kuondoa joto kwenye chumba cha injini cha gari la kizamani

Swali la kwa nini gari bado linachemsha hata baada ya kuweka rejeta mpya linarudi kila mara, kwa hiyo naliandikia somo moja, na mkiuliza tena nitawarudisha hapa. Bodi ya zamani, injini kubwa kuliko ya awali, rejeta mpya, feni mbili, na geji bado inapanda. Mara nyingi rejeta haina kosa. Hewa imepata njia nyepesi ya kuikwepa, au imeipita ikakosa pa kutokea.

Kabla ya kununua chochote, jua gari linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, angalia feni na kava lake. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha kuanzia mwendo wa 80, feni haihusiki: angalia njia ya hewa, rejeta iliyoziba ndani, au hozi ya chini inayonywea pampu ikivuta (hozi hiyo iwe na springi ndani). Likichemsha wakati wote, kagua kwanza taimingi iliyochelewa (cheche za plagi zinachelewa kuwaka), mchanganyiko mwembamba (petroli kidogo, hewa nyingi) na gaskiti ya silinda hedi.

1. Funga geji ya joto yenye namba.

2. Osha mapezi ya rejeta kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

3. Ondoa taa za ziada na honi zilizokaa mbele ya rejeta.

4. Ziba mianya yote kati ya rejeta na bodi: pembeni, juu na chini. Bati la alumini la milimita 1 pamoja na sponji nene au mpira wa mlango vinatosha. Mwanya wa vidole viwili tu unapitisha hewa nyingi, kwa sababu kupita hapo ni rahisi kuliko kupenya kwenye mapezi.

5. Kava la feni. Feni ya mkanda isiyo na kava inavuta hewa ya duara lake tu, na pembe za rejeta hazipati kitu. Nusu ya upana wa pangaboi iwe ndani ya kava, nusu nje. Acha kama milimita 25 kati ya ncha na kava, maana injini inacheza kwenye maunti. Kwa feni za umeme, kava linalofunika rejeta nzima linaweza kubana hewa ukiwa kasi. Toboa madirisha na uyafunike kwa vipande vya mpira vinavyofunguka kwa upepo.

6. Njia ya kutokea. Hapa ndipo watu wanaharibu boneti nzuri. Mtu anaweka washa (pete za chuma) kwenye bawaba, anainua boneti upande wa kioo, anaamini joto litatoka. Gari likisimama, kweli linatoka, kwa kuwa hewa moto hupanda. Likikimbia, upepo unagonga kioo na presha inapanda pale chini yake. Ndiyo maana magari mengi yana tundu la hewa ya abiria mahali hapo, na Chevrolet Chevelle SS ya 1970 yenye Cowl Induction ilichukua hewa ya kabureta kutoka huko huko. Ukiinua boneti hapo, unaingiza hewa ndani ya chumba cha injini, na hewa hiyo inapingana na ile inayotaka kupita kwenye rejeta. Hatari zaidi: ukisimama, moshi wa egzosi inayovuja unaingia kwenye tundu la abiria. Hiyo ni kaboni monoksidi. Haichezewi.

Matundu yakatwe nusu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, midomo ikitazama nyuma. Usikate mbavu za chini ya boneti, itapepea. Hakikisha mvua haidondokei distribyuta wala kabureta. Na kabla ya kukata, jaribu kwanza bati la kushuka chini ya bampa, sentimita 5 hadi 7: linapunguza presha chini ya injini, hewa inavutwa kutokea huko. Mara nyingi linamaliza kazi bila msumeno.

7. Umeme. Feni ya ampea 20: rilei ya 40, fyuzi ya 30, waya wa milimita 4 za mraba, moja kwa moja kutoka betri. Swichi ya joto izime feni juu ya kiwango cha thamostati (vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto). Thamostati ya 82 na swichi inayozima kwenye 80, feni haitapumzika kamwe.

MASWALI

Spana12: Mkuu, langu linachemsha, ninunue feni gani?
Jibu: Linachemsha lini? Aya ya pili.

Gia_Nne: Fundi ametoa thamostati ili maji yazunguke haraka. Ni sawa?
Jibu: Irudishe. Inabana mtiririko kidogo, pampu inajenga presha ndani ya hedi, na mvuke haupati nafasi kwenye sehemu zenye moto mkali. Kwenye injini nyingine thamostati ndiyo inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Toboa tundu la milimita 3 pembeni mwa bamba lake, likae juu, hewa itoke unapojaza.

BiKabureta: Kabla sijakata boneti, naweza kupima presha badala ya kukisia?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upinde umbo la U, utie maji yenye rangi, ukae ndani ya gari. Ncha moja mbele ya rejeta, nyingine nyuma yake. Ncha zisielekee upepo, zikae ubavu. Mwendo wa 100, presha kamili ya upepo ni kama milimita 47 za maji, kwa hiyo tofauti yako itakuwa ndogo kuliko hapo. Msaidizi asome, wewe endesha. Kisha hamisha ncha ya mbele uibandike juu ya boneti unapotaka kukata: presha ya juu ikiwa ndogo kuliko ya ndani, hewa itatoka.

Spana12: Mimi niliinua boneti nyuma na joto lilishuka. Somo lina makosa.
Jibu: Lilishuka umesimama au unakwenda? Nimeyaandika yote mawili.
Spana12: Nimesimama.
Jibu: Basi tumekubaliana.

MzeeTaimingi: Niongeze: msifunge feni kwa vile vibana vya plastiki vinavyopita katikati ya rejeta. Vinasugua mirija hadi inatoboka.
Jibu: Asante mzee. Na ukigeuza nyaya ili feni ivutie upande wa pili, pangaboi linabaki limepinda vibaya na nguvu inapungua. Karatasi mbele ya grili ikinata, feni inavuta.

BiKabureta: Nikizima gari likiwa moto, petroli inachemka ndani ya kabureta.
MzeeTaimingi: Weka kipande cha bakelaiti (plastiki ngumu inayozuia joto) cha milimita 6 hadi 10 chini ya kabureta, lakini pima nafasi ya boneti kwanza. Paipu ya petroli ikae mbali na egzosi, na ngao ya bati iachiwe angalau sentimita moja ya hewa.
Gia_Nne: Je, kuizungushia egzosi kitambaa cha joto?
Jibu: Kinasaidia, ila kwenye chuma cha kawaida kinashika unyevu na egzosi inaoza. Anza na ngao.